Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na wakuu wa afya wa kaunti: msiishie kuuliza kama sauti zimenyamaza

Mheshimiwa Waziri wa Afya, waheshimiwa magavana na mawaziri wa afya wa kaunti, wakuu wa hospitali za rufaa, nanyi mnaopanga dawa gani zinunuliwe kwa fedha za umma,

Nawasalimu kwa heshima.

Nawaandikia kuhusu skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mara nyingi humfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo, hasa sehemu ya ugonjwa huu ambayo kliniki zetu haziigusi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Pwani, na nyumbani namlea mdogo wangu aliyepatwa na maradhi haya akiwa chuoni. Dawa zimezinyamazisha sauti zilizokuwa zikimtukana usiku na mchana, na kwa hilo nawashukuru wahudumu waliomshughulikia. Hata hivyo hajarudi chuoni, na kazi anazopata hazidumu. Kinachomzuia leo si sauti. Maneno hayamkai kichwani kama zamani, kufikiri kumekuwa kuzito, na umakini wake huisha mapema. Wanasayansi wanaijua hali hii, wanaipima, na wameonyesha kwamba sehemu yake husababishwa na baadhi ya dawa tunazowapa wagonjwa. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nawaomba kwanza mwende mkakae katika kliniki ya afya ya akili siku ya kawaida, bila msafara. Foleni huanza alfajiri. Mgonjwa akifika mezani huulizwa: bado unasikia sauti? Unalala? Unakula? Dawa unameza? Akijibu vyema, kitabu chake kinaandikwa kwamba hali ni nzuri, dawa zilezile zinarudiwa, inaandikwa TCA, yaani arudi tena, na tarehe ya mwezi ujao, anaitwa anayefuata. Simlaumu muuguzi. Yuko peke yake na umati uko nje ya mlango. Lakini hakuna hata swali moja linalouliza kama mtu huyu anaweza kufuata mazungumzo, kama akisoma ukurasa mmoja anabaki na chochote, au kama akitumwa vitu vitatu anarudi na vingapi.

Mdogo wangu nikimtuma unga, sukari na kiberiti, hurudi na unga. Watu wa nyumbani waliwahi kudhani ni ukaidi, wengine wakasema ni bangi. Nikimwandikia vitu vilevile kwenye karatasi, huja navyo vyote pamoja na chenji kamili. Hesabu anaijua sana. Vinavyopotea ni kile cha pili na cha tatu, hapo katikati ya mlango wetu na kaunta ya duka, zaidi kama mtu amemsimamisha njiani kumsalimu. Mnaweza kuona jambo hili ni dogo. Sasa mfikirieni mtu huyo akiwa fundi anayepewa vipimo vya mlango kwa mdomo, au makanga anayetakiwa kukumbuka nani amelipa na nani anashukia wapi.

Tangu mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani Emil Kraepelin alishaona kwamba kudhoofika kwa uwezo wa kufikiri kumo ndani ya kiini cha ugonjwa huu. Ilipogunduliwa dawa iitwayo klopromazini, ikaanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, macho ya matabibu yalihamia pale ambapo dawa ilikuwa na nguvu: sauti, dhana potofu, fujo. Ikawa mgonjwa aliyetulia anahesabiwa kuwa amepona. Mwaka 1996 mwanasaikolojia Michael Green wa Los Angeles alikusanya tafiti zilizokuwapo akauliza swali rahisi: ni nini hasa kinachotabiri kama mgonjwa ataweza kujitegemea, kuishi na watu na kujifunza stadi mpya? Majibu yalielekea kwenye kumbukumbu ya maneno na umakini. Ukali wa sauti na dhana potofu haukutabiri mambo hayo. Kutokana na kazi ya namna hii Marekani ilianzisha mradi wa MATRICS mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukakubaliana juu ya maeneo saba ya utambuzi, yaani uwezo wa kufikiri na kukumbuka, yanayopaswa kupimwa kwa wagonjwa wa skizofrenia: kasi ya kufikiri, umakini, kumbukumbu ya muda mfupi ya kufanyia kazi, kujifunza kwa maneno, kujifunza kwa macho, kutatua matatizo, na kuwaelewa watu wengine.

Hadi leo sijaona hata eneo moja kati ya hayo saba likiwa na nafasi kwenye kitabu cha mgonjwa.

Kuna njia nyingine ya kuifikia hali hii, nayo hupitia masikioni. Mwaka 1978 Risto Näätänen, mwanasaikolojia wa Ufini, pamoja na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wimbi dogo la umeme wa ubongo ambalo wataalamu hulifupisha kwa herufi MMN. Mtu anavishwa elektrodi kichwani na vipokea sauti masikioni. Anaambiwa atazame filamu isiyo na sauti na asijali anachosikia. Anachosikia ni mlio mmoja unaorudiwa rudiwa, na mara mojamoja unaingia mlio uliotofautiana kidogo, pengine mrefu zaidi, pengine mwembamba zaidi. Haulizwi chochote, habonyezi kitufe. Ubongo wake wenyewe unautambua mlio ule mgeni, na kati ya milisekunde 100 na 250 hivi baadaye unatoa wimbi lake. Ukubwa wake ni mikrovolti chache tu, yaani sehemu chache za milioni moja za volti, kwa hiyo milio mamia huchezwa na majibu yake yakajumlishwa ili wimbi lijitokeze. Ni kazi inayofanana na kumsikiliza mtoto mmoja anayenong'ona katika darasa linalopiga kelele: itabidi arudie neno lilelile mara nyingi ndipo ulipate.

Mimi kama mwalimu nakipenda kipimo hiki kwa sababu hakimwaibishi mtu. Hakimtaki ajue kusoma, hakimtaki ajitahidi, hakijali kama alisoma shule ya kijiji au ya mjini.

Mwaka 1991 Anne-Marie Shelley na wenzake huko Australia walionyesha kwamba wimbi hili ni dogo kwa wagonjwa wa skizofrenia. Tangu hapo matokeo hayo yamerudiwa katika maabara nyingi. Mwaka 2005 Daniel Umbricht na Sanya Krljes waliunganisha tafiti zilizokuwa zimefanywa, wakakuta tofauti kati ya kundi la wagonjwa na kundi la watu wazima wa afya ni kubwa. Daniel Javitt wa New York alikuwa ameshaonyesha mwaka 1996, kwa nyani, kwamba ukiziba vipokezi vya ubongo viitwavyo NMDA wimbi linafifia. Mwaka 2000 Umbricht na wenzake wakaona jambo hilohilo kwa watu wenye afya waliopewa ketamini, dawa inayoziba vipokezi hivyo. Halafu mwaka 2022 watafiti wa jenetiki kutoka nchi nyingi walichapisha orodha fupi ya jeni ambazo zikiharibika vibaya huongeza sana hatari ya skizofrenia, na mojawapo ni GRIN2A, inayotengeneza sehemu ya kipokezi hichohicho cha NMDA. Maabara za masikio na maabara za jeni zimefika mahali pamoja bila kupanga. Nikiyasoma haya hupata moyo, kwa sababu kwa miaka mingi familia kama yangu zimeambiwa ni laana, ni majini, ni malezi mabaya ya mama.

Kilichonigusa zaidi ni kazi ya Gregory Light na David Braff wa San Diego. Mwaka 2005 walionyesha kwamba wagonjwa wenye wimbi dogo zaidi ndio wenye shida kubwa zaidi katika maisha ya kila siku. Jambo linalotukia ndani ya robo ya sekunde, mtu akiwa hata hasikilizi, lina uhusiano na kama anaweza kujipikia, kutunza fedha na kukaa na watu. Maana yake shida ya kufikiri haianzii kwenye uvivu wala kukata tamaa. Inaanzia chini kabisa, pale sauti inapopokelewa.

Javitt na wenzake wameonyesha pia kwamba wagonjwa wengi hupata shida kutofautisha milio miwili inayokaribiana, na kwamba shida hiyo inaambatana na kushindwa kusikia hisia ndani ya sauti ya mtu: huyu amekasirika, huyu anatania. Waheshimiwa, katika jamii yetu hili ni zito. Shemeji yetu ni mtu wa utani tangu siku alipoolewa. Humwambia mdogo wangu, "Wewe nawe, umekuja kumaliza wali wangu tena!" huku akimpakulia sahani ya pili. Wote tunacheka. Yeye anaweka kijiko chini na kuondoka mezani. Maneno ameyasikia yote, ila ile namna ya kuyasema, ambayo ndiyo yenye mapenzi, haikumfikia. Tulipoelewa, shemeji alianza kumgusa bega kwanza kabla ya kutania, na sasa anakaa hadi mwisho wa chakula. Hakuna aliyetufundisha hilo kliniki. Muuguzi angeweza kulisema kwa dakika moja kama lingekuwa katika mafunzo yake, na nyumba nyingi zingepungukiwa na ugomvi.

Basi je, naomba kila hospitali inunuliwe mashine ya kupima wimbi hili? Hapana, na hapa naomba mniamini kwa sababu mtaletewa wauzaji. MMN haiwezi leo kumwambia mtu mmoja mmoja kwamba ana skizofrenia au hana. Kwa wastani makundi yanatofautiana, lakini watu ndani yake wanaingiliana: wapo wagonjwa wenye wimbi zuri na wazima wenye wimbi dogo. Hupungua pia kwa uzee na kwa maradhi mengine. Dean Salisbury na wenzake, waliowafuatilia wagonjwa tangu walipolazwa kwa mara ya kwanza, waliona kwamba wimbi linalotokana na mlio uliotofautiana kwa wembamba lilikuwa karibu na la kawaida mwanzoni mwa ugonjwa, kisha likapungua kwa kadiri sehemu ya ubongo inayopokea sauti ilivyozidi kusinyaa. Atakayewaambia kwamba ana kofia inayotambua wazimu kwa dakika kumi, mwombeni ushahidi wake uchunguzwe kabla hamjatia saini.

Ninachoomba ni utafiti wenyewe ufanyike kwetu, na watu wetu wawe ndani yake tangu mwanzo. Hatuanzii sifuri. Mwaka 2010 Michael Kihara na wenzake walichapisha kazi iliyofanywa Kilifi, wakipima majibu ya ubongo ya watoto wa Kenya wenye afya kwa sauti na kwa picha, kwa sababu walihitaji kujua hali ya kawaida ya watoto wa hapa ikoje kabla ya kuzungumzia madhara ya malaria kali. Huo ndio utaratibu. Halafu mradi wa NeuroGAP-Psychosis ulikusanya sampuli za jeni kwa makumi ya maelfu ya watu Ethiopia, Uganda, Afrika Kusini na hapa Kenya, Pwani ikiwemo. Wagonjwa wetu wametoa sampuli zao kwa sayansi ya dunia. Ni haki yao sasa kwamba Wizara, taasisi ya utafiti wa tiba KEMRI na vyuo vikuu vyetu vitenge fedha za kujua uwezo wao wa kufikiri ukoje, kwa vipimo vilivyotengenezwa kwao.

Nasema vilivyotengenezwa kwao kwa sababu kutafsiri tu hakutoshi. Chukueni kipimo cha kukumbuka tarakimu, kinachotumika duniani kote. Kwa Kiingereza tarakimu kuanzia moja hadi tisa zina silabi moja moja isipokuwa saba. Kwa Kiswahili kila moja ina silabi mbili au zaidi. Imejulikana kwa muda mrefu katika saikolojia kwamba maneno yanayochukua muda mrefu kutamkwa hukumbukwa kwa idadi ndogo zaidi. Ukimpima mkulima wa Ganze kwa Kiswahili na kumlinganisha na kiwango cha mwanafunzi wa Chicago, utampa upungufu ambao hana. Na wako wengi ambao hata Kiswahili kwao ni lugha ya pili, wanawaza kwa Kigiriama au Kidigo. Tunahitaji viwango vyetu kwa umri, kwa elimu na kwa lugha. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama, inahitaji walimu, wauguzi, wanafunzi wa saikolojia na karatasi.

Kuhusu nywele pia niseme, maana nimeona binti akirudishwa nyumbani kutoka kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, katika hospitali moja akaambiwa afumue nywele zote kwanza, nywele alizolipia na zilizosukwa kutwa nzima. Hakurudi. Vifaa vingi vya EEG viliundwa bila kufikiria nywele zetu. Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, alibuni na wenzake elektrodi zinazobanwa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa, wakachapisha kazi hiyo mwaka 2020. Msuko wenyewe ni ule ambao bibi zetu wanauita twende kilioni. Wasusi wa Mtwapa wangeweza kuwafundisha mafundi wa maabara asubuhi moja. Mnaponunua vifaa, andikeni sharti hilo kwenye zabuni.

Sasa nifike kwenye benzheksoli.

Wagonjwa wengi wanaiita Artane. Ni kidonge kidogo kinachotolewa pamoja na haloperidoli, dawa kuu ya kunyamazisha sauti, au pamoja na ile sindano ya kila mwezi. Sababu yake inaeleweka. Haloperidoli huzuia dopamini, kemikali ya ubongo, na dopamini ikizuiwa sana mwili unakakamaa, mikono inatetemeka, taya linabana, macho yanaweza kugeuka juu. Benzheksoli hurudisha usawa kwa kuzuia kemikali nyingine ya ubongo, asetilikolini. Mtu aliyewahi kumwona mgonjwa shingo imempinda asiweze kumeza mate hatakitukana kidonge hiki. Kwa dharura ile kinaokoa.

Tatizo ni kwamba asetilikolini ndiyo ambayo ubongo unaitumia kushika mambo mapya na kuweka umakini. Ukiizuia kila siku, unazuia kilekile ambacho mgonjwa wa skizofrenia tayari anacho kidogo. Mwaka 2021 Yash Joshi, Gregory Light na wenzao walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 1,120 wa skizofrenia: waliokuwa na mzigo mkubwa wa dawa zinazozuia asetilikolini walifanya vibaya zaidi katika vipimo vya utambuzi. Sophia Vinogradov na wenzake wa San Francisco walikuwa wameshaonyesha mwaka 2009 kwamba mzigo huohuo hupunguza faida ambayo mgonjwa anaipata kutokana na mazoezi ya akili, yale ya kunoa kumbukumbu na umakini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wazi kwamba dawa hizi zisitolewe kama kawaida kwa kila mgonjwa ili kuzuia madhara. Zitolewe kwa muda mfupi pale madhara yanapokuwa makali au yanapomlemaza mtu, na pale ambapo kupunguza dozi au kubadilisha dawa kumeshindikana.

Linganisheni na kinachofanyika. Mgonjwa anaanzishiwa haloperidoli na benzheksoli siku moja, kabla hajatetemeka hata kidole. Mwezi ujao zinarudiwa. Miaka inapita, na hakuna anayeuliza kama ile ya pili bado inahitajika, kwa sababu kitabu kinasema hali ni nzuri. Mdogo wangu alikuwa akimeza tembe hizo muda mrefu bila yeyote kuuliza, katika kituo nisichotaka kukitaja kwa sababu vituo vingi hufanya hivyohivyo. Daktari mmoja mpya alipozipitia dawa zake zote, alishusha haloperidoli polepole, kisha benzheksoli polepole, akimwona mara kwa mara. Mikono haikutetemeka. Sasa anasoma gazeti na kunisimulia alichosoma. Bado hajawa yule wa zamani, na sisemi kwamba kila mtu atapata nafuu kama yake. Nasema alistahili kuulizwa mapema.

Kwa familia zitakazoisoma barua hii: msimwachishe mgonjwa dawa yoyote kwa ghafla. Benzheksoli ikikatwa ghafla humsumbua mtu, na dawa kuu ikikatwa sauti zinaweza kurudi kwa nguvu. Nendeni na swali hili kwa daktari, mkae naye mpange.

Waheshimiwa, hatua hii haitaki mtambo wala mtaalamu kutoka nje. Inataka waraka wa Wizara kwa kila kliniki kwamba benzheksoli ipitiwe upya kwa kila mgonjwa na sababu ya kuendelea nayo iandikwe kwenye kitabu. Inataka pia KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa, iwe na risperidoni na dawa nyingine zenye kukakamaza mwili kidogo, na kaunti ziagize za kutosha, zisiishe kila baada ya wiki mbili. Ziko dawa zinazonenepesha na kupandisha sukari, olanzapini ikiwemo, kwa hiyo mizani na kipimo cha sukari viwepo kliniki. Muuguzi ambaye stoo yake ina haloperidoli na benzheksoli tu hawezi kuchagua.

Nimesikia hoja kwamba tungoje dawa ya kutibu utambuzi wenyewe. Nami naingoja. Lakini Januari 2025 iclepertin, iliyotarajiwa sana kwa sababu ilitengenezwa kuvisaidia vipokezi vilevile vya NMDA, ilishindwa kuonyesha manufaa katika majaribio yake makubwa ya mwisho. Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya namna mpya, xanomeline pamoja na trospium, isiyozuia dopamini moja kwa moja. Hiyo ni habari njema, ila iliidhinishwa kwa ugonjwa kwa jumla na bei yake haijakaribia kliniki ya Kaloleni. Wakati huohuo lipo jambo lenye ushahidi ambalo halitaki kidonge. Mwaka 2011 Til Wykes wa London na wenzake waliunganisha majaribio 40 ya mazoezi ya akili, yenye washiriki zaidi ya 2,000, wakakuta faida ya wastani, na faida hiyo huonekana zaidi katika maisha ya mtu pale mazoezi yanapoambatana na huduma za kumrudisha kazini na katika jamii. Melissa Fisher na Vinogradov nao walitumia mazoezi ya kusikiliza, saa 50 za kutofautisha milio na silabi kwenye kompyuta, na wagonjwa waliboreka katika kujifunza na kukumbuka maneno. Walianzia palepale Näätänen alipopima, kwenye sikio.

Tunavyo vyuo vya ufundi katika wadi nyingi, na kompyuta zikiwa zimefunikwa wikendi. Tunao wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa mikoba yao ya vifaa mwaka 2023, wanaojua kila nyumba yenye mgonjwa. Tunazo karakana ambazo mafundi wake wangempokea kijana kama wangeelezwa kwamba anahitaji maagizo moja moja, yaliyoandikwa, mahali pasipo na redio inayopiga kelele. Robert Freedman na wenzake wa Denver walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba ubongo wa mtu mwenye afya, ukisikia mlio na baada ya nusu sekunde ukasikia mwingine unaofanana, huupunguzia nguvu ule wa pili, na kwamba kwa wagonjwa wengi wa skizofrenia kupunguza huko ni hafifu. Kelele ambayo sisi tumeshaizoea wao inaendelea kuwaingia. Kuzima redio kwenye karakana ni matibabu kwa maana kamili.

Sheria mnayo. Jopo la afya ya akili la mwaka 2020 lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa, na sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma, pamoja na kuwarudisha wagonjwa katika maisha ya jamii. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 24 duniani wana skizofrenia, mtu mmoja kati ya 300 hivi. Kila mbunge anayeisoma barua hii anao wapiga kura wenye ugonjwa huu kwa mamia, na kila mmoja wao ana mama, dada au kaka anayembeba.

Naomba jibu la kwanza liwe kuhusu benzheksoli, kabla ya mengine yote: je, Wizara itatoa waraka, na lini? La pili, naomba kitabu cha kliniki kiongezwe mistari miwili, mmoja wa kumbukumbu na mmoja wa kazi au masomo, ijazwe angalau mara mbili kwa mwaka. La utafiti na mafunzo ya kazi najua litachukua bajeti na vikao, na sisi walezi tuko tayari kuja kwenye vikao hivyo. Mkituita Kilifi, Malindi au Mombasa, tutakuja na vitabu vya kliniki vya wagonjwa wetu, muone kwa macho yenu kilichoandikwa mwezi baada ya mwezi.

Ndimi kwa heshima,
Mwalimu na mlezi, Kilifi